Dole Gumba la Mama Mkwe

Nafua na kukunja mashuka hospitalini, mwaka wa kumi na mbili sasa. Shuka hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnakutana katikati mnapeana pembe. Ndiyo maana mwenzangu wa kukunja anajua mambo yangu kuliko ndugu zangu wa damu.

Yeye ndiye niliyemwambia kwanza kwamba binti yangu mkubwa amepata nafasi chuoni, kusomea upimaji wa ardhi, na kwamba fomu ya ufadhili imekwama kwa sababu ya baba yake.

Fomu ilitaka hati ya mshahara ya mama na ya baba. Yangu nilikuwa nayo. Karani wa ufadhili aliitazama, akauliza ya pili.

"Baba yuko wapi?"

"Sijui."

"Amefariki?"

"Sijui."

"Mama, hii fomu haina mahali pa kuandika sijui."

Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Nilete barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema baba hajulikani alipo na hatunzi watoto, iwe na sahihi ya ndugu mmoja wa upande wa baba. Mwisho Ijumaa saa sita. Bila hiyo, binti yangu angehesabiwa kuwa ana wazazi wawili wanaojiweza. Mshahara wangu usingefikisha hata nusu ya ada.

"Muue kwenye karatasi," mwenzangu alisema, tukiwa tumekutana katikati ya shuka. "Wapo wengi wameuawa kwenye karatasi na asubuhi wanakunywa chai."

"Na mama yake nimwambie nini?"

Alinipa pembe yake ya shuka. Mama mkwe anakaa kwangu. Ndugu mwingine wa upande wa baba hatuna.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo. Aliondoka kutafuta kazi miaka tisa iliyopita, akapiga simu miezi miwili, kisha namba ikawa haipatikani. Kwa watu sikusema hivyo. Nilisema yuko safarini. Nikinunua kitu kwa zamu za ziada, nasema baba watoto katuma. Mwanzoni nilisema ili wenye nyumba za jirani wasininyooshee kidole, na ili mama wa watu ale chakula chake kwa amani. Baadaye nilisema tu, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Mwenyekiti wa mtaa wetu ni kinyozi. Muhuri wa mtaa anauweka kwenye droo moja na vitana. Jumatano nilimkuta ana mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Nilieleza shida yangu kwa sauti ya chini. Alizima mashine.

"Shemeji, mwaka jana mabati ya nyumba yako yalitoka wapi?"

"Nilinunua mimi."

"Wewe mwenyewe ulisimama hapo mlangoni ukasema katuma mume wako. Nikakupongeza."

"Mume wa kutuma mabati toka huko?" mteja akadakia kitini. "Anioe na mimi basi, nyumba yangu inavuja."

"Wewe tulia, nitakukata sikio," kinyozi akamwambia. Kisha akanigeukia. "Shemeji, mficha uchi hazai. Leo nikipiga muhuri kwamba hatunzi, na mtaa mzima unajua anatuma, mimi nitaonekana nani? Kesho jioni nakuja kwako. Nitaisoma barua mbele ya mama yako mkwe. Akiikubali yeye, napiga."

Nilirudi kazini. Sikulia. Nilikunja mashuka mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi jioni kinyozi alikuja na barua, muhuri, na kibweta cha wino. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani kwake, miguu imenyooka. Binti yangu alikaa karibu naye. Bibi humwita mjukuu wake "mke mwenzangu," wanataniana kutwa. Siku hiyo hakuna aliyetania.

Kinyozi alisoma polepole. Alipofika kwenye maneno "hajatuma matunzo yoyote kwa miaka tisa," mama mkwe aliinua mkono.

"Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Na hili godoro?" aliuliza, akilipiga kwa kiganja.

Alikuwa ananitazama mimi.

"Nilinunua mimi, mama."

"Na miwani yangu?"

"Mimi."

"Mabati?"

"Mimi, mama."

Nilisikia binti yangu akivuta pumzi.

"Na salamu?" akauliza. "Zile unazoniletea kila mwisho wa mwezi. Mama anasalimiwa, mama asiache dawa, mama apumzike."

Ningeweza kusema salamu zilikuwa za kweli. Kwa barua salamu hazikuwa na madhara. Hakuna karani anayeuliza salamu. Lakini kinyozi alikuwa amesimama pale, na nilikuwa nimechoka.

"Nilizitunga mimi."

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimtazama mjukuu wake muda mrefu.

"Mke mwenzangu, hiki chuo unakitaka?"

"Nakitaka, bibi."

"Bila hili dole langu huendi?"

"Siendi."

Akanyoosha mkono. Kuandika hajui. Kinyozi alimshika dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Nilileta kitambaa nimfute. Alivuta mkono akajifuta mwenyewe kwenye kanga yake. Kinyozi akapiga muhuri, akaaga. Siku hiyo mama mkwe hakusema nami tena.

Ijumaa saa nne nilikuwa dirishani kwa karani. Aliigeuza barua, akaitazama alama ya dole, akaibana na karatasi zangu nyingine. "Imekamilika, mama." Nilisema asante. Nilingoja nijisikie vizuri, sikujisikia chochote, nikaondoka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Majibu yalikuja kwenye simu ya binti yangu baada ya wiki tano, asubuhi, mimi nikijiandaa kwenda zamu. Alipiga ukelele, akanikumbatia mpaka nikayumba. Nilimpigapiga mgongoni. Nilijua ni siku ya furaha, nilikuwa naiona usoni kwake.

Mama mkwe aliuliza kutoka chumbani, "Wamesemaje?"

"Wamekubali, bibi! Ada yote!"

"Ile barua wameisadiki?"

"Wameisadiki."

"Haya," alisema. "Basi kweli hayupo."

Binti yangu alinitazama. Nilimfanyia ishara aende akakae na bibi yake, naye akaenda. Mimi nilivaa viatu, zamu yangu inaanza saa mbili.