Kubadilisha Mafuta

Mafuta ya kukamulia ng'ombe yakipakwa kwenye plastiki iliyopata jua hutoa harufu nzito, tamu kidogo. Ndiyo harufu ya pikipiki ya baba ilipokuwa mpya.

Kwetu ni juu ya Kianjokoma, kwenye majani chai, na nyumbani tunasema Kiembu. Kiembu chetu kina ubahili wake: neno moja tu, maguta, linatosha kwa yale ya kupikia, ya kujipaka, ya kuendeshea gari, hata yale ya mchungaji ya kuombea wagonjwa. Kiswahili nacho hakikumsaidia baba, maana yote hayo kinayaita mafuta.

Siku ya kuichukua pikipiki mjini Embu nilikwenda naye. Mwuzaji alimshika mkono akamwambia, "Mzee, hii ni mpya kabisa. Wewe usisahau tu kubadilisha mafuta mapema." Baba aliitikia kwa unyenyekevu, kama aliye kanisani.

Na hakusahau. Alikuwa akijaza petroli Kianjokoma, lakini baada ya wiki chache akahamia kituo cha Manyatta. "Nimebadilisha mafuta," alimwambia mama kwa fahari. Baadaye akabadilisha tena, akawa anateremka hadi Runyenjes. Msimcheke haraka. Kila Jumapili aliiosha, akaipaka mafuta ya kukamulia ikang'aa kutushinda sisi watoto, tuliopakwa yaliyobaki. Nailoni ya kiti haikutolewa. Mchungaji aliupaka usukani wake mafuta ya baraka. Jirani mmoja alipotaka kuigusa kwa spana, baba alimfukuza akisema kitu kipya hakifunguliwi. Shuleni tulifundishwa kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, nami sikuona hicho kidonda kingetoka wapi.

Ilibeba majani chai, maziwa na mbao. Ilipoanza kutoa kelele milimani, baba alisema imechoka, akaiosha.

Kisha kitindamimba wetu, Mutugi, akashikwa na kifua. Asubuhi moja mama alitoka naye jikoni akasema, "Baba Wawira, mtoto hapumui vizuri." Mimi ndimi Wawira. Nilipandishwa mbele juu ya tangi, mama akakaa nyuma na mtoto kifuani, tukaelekea hospitali ya Embu. Nilisikia pumzi za Mutugi katikati ya mngurumo, fupi fupi, zikikwaruza.

Hatukufika Manyatta. Injini ilipiga kelele ya chuma, gurudumu likakwama, tukayumba hadi kwenye majani ya kando. Baba aliikanyaga kiki, haikushuka. Akaikanyaga kwa miguu miwili, akaipiga ngumi, akaiombea kwa sauti, akainama akaibembeleza kama ng'ombe anayekataa kusimama. Mama hakungoja. Alikuwa keshashika barabara akikimbia, kanga ikimdondoka, akiita jina la mtoto ili asilale. Nilisimama katikati yao nisijue nimfuate nani. Sijawahi kuogopa hivyo tena.

Lori la majani chai lilituokota wote. Hospitalini nesi alimpokea Mutugi, akamweka mashine ya hewa, akatoka baada ya muda. "Mama, mngemleta mapema kidogo," alisema, polepole.

Tulipokwisha kumzika, baba alimwita fundi aje aifungue pikipiki. Alitaka kujua. Fundi alifungua chini ya injini, kikatoka kitu cheusi, kizito, kama uji ulioungua.

"Mzee, mafuta ulikuwa unabadilisha?"

"Nilibadilisha," baba alisema. "Nilienda Manyatta. Nikaenda hata Runyenjes."

"Ni kweli," nikamtetea. "Alikuwa anaenda mbali."

Fundi alimtazama baba, akatazama udongo mbichi kando ya migomba, akafuta mikono kwa muda mrefu. "Basi ni hizi engine za siku hizi, mzee. Hazina nguvu. Hakuna kitu ungefanya."

Kwa miaka nilimchukia yeyote aliyeunda injini ile.

Sasa natibu mifugo, nami nina pikipiki yangu. Nilipoipeleka Runyenjes kwa sevisi ya kwanza, fundi alifungua nati chini ya injini, mafuta meusi yakamwagika kwenye karai, akachukua chupa ya mapya. "Hii ndio kubadilisha mafuta, madam. Ukichelewa, engine inakufa." Nilikaa juu ya mtungi wa plastiki nikalia, naye akadhani ni bei. Ndipo nilipoelewa kile ambacho yule fundi wa kwanza alikiona, akakimeza.

Baba amezeeka. Nikienda kumwona, hupapasa kiti cha pikipiki yangu kabla hajanisalimu.

"Umebadilisha mafuta?"

"Nimebadilisha, Baba."

"Vizuri. Hata mimi nilikuwa nabadilisha."

"Najua, Baba," humwambia. "Ulikuwa unaenda mbali."