Goti la Fundi Vigae

Saa moja asubuhi cherehani inanguruma, lakini jicho la Mama Jinzi haliko kwenye sindano. Liko ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha fundi mwenzake. Kila mteja anayeingia kule, yeye anamsindikiza kwa macho mpaka ndani.

"Andika kwamba nina wivu," ananiambia kabla sijauliza. "Mtaa mzima unajua, basi na gazeti lijue."

Mama Jinzi hushona suruali za kazi, za waashi, wachomeleaji na wapakizi. Ananitandikia moja mezani. Kitambaa ni kizito, kikiwa kipya karibu kisimame chenyewe. Kingo za mshono zimekunjwa moja ndani ya nyingine, kisha zikapigwa uzi mnene mara mbili. Pembe za mifuko zina ribiti, vile vipini vya chuma vya kubana kitambaa, maana mtu akitia nyundo mfukoni, hapo ndipo huachia kwanza. Msambani kumeongezwa kipande ili mvaaji achuchumae kwa amani.

"Vuta," ananiamuru. Navuta mpaka vidole vinauma. Suruali haina habari.

Sasa, mume wake ni fundi vigae. Kutwa yuko magotini. Wiki iliyopita alirudi nyumbani jinzi yake ina viraka vipya magotini, vimeshonwa kwa uzi mwekundu. Loo! Mtaani hapa uzi mwekundu anautumia mmoja tu, yule wa ng'ambo, ambaye Mama Jinzi hamtaji jina hata umpige fimbo.

Mume alipokwenda kuoga, Mama Jinzi aliinyakua ile jinzi akaikagua mshono kwa mshono. Kila kiraka kilikuwa na mdomo juu, wa kuingizia sponji ya kukinga goti. Hilo alilielewa. Lakini chini nako kulikuwa wazi, na hapo roho yake ikatulia. Kumbe yule hata kumaliza mshono kunamshinda! Akapaziba kwa uzi wake wa bluu, akalala na raha zake.

Kesho yake mume alirudi anachechemea. Mchanga na vumbi la saruji viliingilia juu, vikakosa pa kutokea, vikamsaga magoti siku nzima. Ule uwazi wa chini ndio uliokuwa mlango wa kuvitoa.

"Jinzi zako hazichaniki, mke wangu," alimwambia. "Ninayechanika ni mimi. Nilikueleza magoti yanauma, ukaniambia nivute kitambaa nione kilivyo imara."

Mama Jinzi anakiri kwamba alimpaka dawa huku amenuna. Maneno yale yalimwingia, lakini kilichomchoma zaidi ni jambo lililofuata. Mume alieleza kwamba yule fundi, kabla ya kukata kiraka, alimtaka apige magoti ili aone goti linakaa wapi hasa, kwa sababu mtu akiinama, kitambaa hupanda.

"Nimempima mume wangu miaka yote amesimama," anasema. "Yule kamwona mara moja tu, akajua anafanya kazi amepiga magoti. Inaniuma, jamani."

Jumamosi anakata jinzi mpya ya mumewe. Mdomo wa chini atauacha wazi, hilo amekubali, ingawa kwa kukunja uso. Na kipimo atakichukua mchana kweupe, pazia la kibanda likiwa limefungwa juu kabisa.

"Nataka aone," anasema, kidevu kikielekea ng'ambo. "Mume wangu akipiga magoti, apige hapa."