Wimbo Ambao Sikuupiga Iringa

Siku yangu ya kwanza ya utingo nilipewa kabari kabla ya kupewa salamu. Kabari ni kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja, kizito kama mtoto wa mwaka, na kazi yake ni kuzuia gurudumu la nyuma ili lori lisirudi mlimani. Dereva Mkuu alinibebesha mikononi pale gereji Mbeya, ukungu ukiwa bado umekaa chini, akaniuliza, "Wewe wa wapi?" Nikamjibu wa Mbalizi. Akasema, "Basi, Mbalizi, huyu ndiye mke wako. Ukilala, usilale mbali naye." Watu wa gereji wakacheka. Tangu siku hiyo hadi anaacha kazi hakuwahi kuniita jina jingine.

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Nawaandikia vijana mnaodhani utingo ni mtu wa kupiga kelele mlangoni tu. Miaka ya hamsini barabara ya Mbeya kwenda Iringa ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi tulikwenda siku mbili, masika hakuna aliyeahidi kitu. Utingo alikaa nyuma juu ya magunia. Lori likipanda, dereva hubadili gia, na gia ikikataa kuingia injini hunyamaza kidogo. Ukisubiri uone gurudumu linarudi, umechelewa. Dereva Mkuu, Mhehe mrefu mwenye sauti ya chini, alinifundisha hivi: "Usitazame gurudumu. Sikiliza injini. Ukisikia inameza mate, uwe tayari uko chini."

Asubuhi tuliwasha kwa hendeli, chuma kilichopinda unakichomeka mbele na kukizungusha kwa nguvu. Dole gumba unaliweka upande mmoja na vidole vingine, hulizungushii chuma, maana injini ikirudisha teke inavunja mkono. Mimi niliambiwa hayo mara tatu na bado ukanivunjika. Mpaka leo kiganja cha kushoto kimeangalia pembeni. Lakini nilitaka kusema habari ya kinanda.

Nilipovunjika mkono nilipewa kazi ya kukaa, kumsaidia Mzee Ambilikile. Huyu alikuwa fundi wa kushona maturubali nyuma ya gereji, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu. Tulimwita mzee ingawa sidhani kama alikuwa amefika miaka arobaini. Alikuwa ametoka Joni, ndivyo tulivyoita Johannesburg, kwenye migodi ya dhahabu, na vumbi la kule lilimkaa kifuani. Akishona mishono kumi anaweka sindano chini, anatafuta pumzi.

Kule Joni alikuwa amejifunza kinanda cha mdomo, kile kidogo cha kupuliza. Kambini kwao kulikuwa na gramafoni, na santuri za Wamarekani weusi wanaopiga muziki wao wanaouita bluzi. Alisikiliza mpaka akaujua. Sasa mwenyewe hawezi tena, akipuliza mstari mmoja anakohoa mpaka anashika ukuta. Akanipa kinanda mimi, akaanza kunifundisha kwa vidole. Kinanda kina matundu kumi. Akionyesha vidole vitatu na kiganja kikikutazama wewe, maana yake tundu la tatu, puliza. Kiganja kikimtazama yeye mwenyewe, vuta. Aliniambia, "Ukipuliza unapata nyimbo za shule. Ukivuta ndiyo unapata hii kitu." Unavuta pumzi huku umekaza mdomo, na ile sauti inapinda kwenda chini kama mtu anayezuia kilio. Ilinichukua kiangazi kizima kupinda sauti moja.

Pia alinifundisha kukilowesha. Katikati ya kinanda mna kipande cha mti, na mti ukinywa maji unavimba, sauti inakuwa nene. Alikitia kwenye bakuli la maji safi, akahesabu mpaka mia, akakitoa. Likumbukeni hilo neno, maji safi.

Alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe. Unaanza na tundu la pili, kuvuta, unaipinda sauti pole pole mpaka chini kabisa. Hiyo ni keji, akasema, sanduku la chuma linaloshusha watu mgodini. Mdogo wake alishuka nayo siku moja, mwamba ukaanguka, hawakumtoa. Kilichorudi ni kibati cha shaba chenye namba, kile wachimbaji walichoacha getini kabla ya kushuka. Sasa kwa Wanyakyusa mtu akifa ni watu na ngoma, analiliwa na nchi nzima. Huyu hakuwa na maiti wala kaburi, na wazazi wao walikuwa wamekwisha kufa. Hakuna watu waliokusanyika kwa ajili yake hata siku moja. Mzee Ambilikile alitaka jambo moja tu, wimbo ule upigwe mara moja mbele ya watu wengi na jina la mdogo wake litajwe. Mimi nilizoea kumsikia akisema mdogo wangu, mdogo wangu. Jina hakulitaja. Alisema hapendi kulitupa gereji kwenye mafuta, atanipa siku hiyo hiyo.

Mkono ukapona nikarudi juu ya magunia. Kwenye tambarare nilipiga kinanda, kwenye milima Dereva Mkuu alikataa, alisema nitashindwa kujua kama ni kinanda au ni injini inayomeza mate. Safari moja tukabeba bendi ya dansi na vyombo vyake, inakwenda Iringa. Tulipopumzika Makambako nikapiga kidogo. Kiongozi wa Bendi, bwana mwembamba wa viatu vyeupe, akaja na bakuli lake la chai akasimama kando ya lori. Akasema dansi lao la kwanza tayari limejaa, ila la Jumamosi ya wiki ya pili, alasiri, vijana wake wakienda kunawa uso nitapanda mimi. Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini usinilizie watu. Wamelipa kiingilio wacheze."

Niliporudi Mbeya nikamweleza Mzee Ambilikile yote isipokuwa hilo la mwisho. Akakunja turubali alilokuwa anashona, akaenda kuomba ruhusa kwa Meneja wa Gereji. Dereva Mkuu akampa nafasi ndani, kwenye kiti, ili upepo na baridi visimmalize. Alivaa koti lake jeusi njia nzima. Hatukuongea mengi, ila tulipanga hivi: atakaa mbele, akiinua vidole viwili, kiganja kikimtazama yeye, yaani tundu la pili, vuta, mimi nitashuka aninong'oneze jina, nilitaje, nipige.

Iringa ilikuwa masika, na masika ya Iringa ni ulanzi. Kwa asiyejua, ni maji ya mwanzi, wanakata ncha ya mwanzi mchanga, unadondosha usiku kucha, asubuhi mtamu, jioni umekuwa pombe. Nilifikia kwa shangazi yake Dereva Mkuu, pale mlimani. Wakanikaribisha kwa salamu ya Kihehe, kamwene, kamwene, na kibuyu cha ulanzi wa asubuhi. Mimi nikajiona nina akili. Nikasema kama maji yananenepesha sauti, ulanzi si utaifanya ifike hadi sokoni? Nikakitia kinanda kwenye ulanzi, nikahesabu mpaka mia mbili, nikakianika dirishani juani. Mzee Ambilikile alikuwa amelala chumba cha pili, anapumzisha kifua. Angeniona angenipiga na sindano yake.

Ukumbi ulikuwa umejaa kweli. Makarani na wake zao, walimu, madereva, kina mama wa sokoni wenye kanga mpya. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakinitazama mimi, maana utingo hutazamwa anapokosea tu. Mzee Ambilikile alikuwa benchi la mbele, kushoto, na koti lake. Kwenye goti alikuwa ameweka kile kibati cha shaba, amekishika kwa vidole kama padri anayeshika hostia, ule mkate wa komunyo.

Nikapanda. Nikajaribu kwa siri tundu la pili, kuvuta. Kimya. La kwanza, kimya. La tatu, kimya. Ndani ya matundu mna ndimi nyembamba za shaba, ndizo zinazotetemeka, na sukari ya ulanzi ilikuwa imekauka juu yake ikazigandisha. Wimbo wa mzee uko humo chini wote. Nilichobakiwa nacho ni matundu ya juu, yale ya nyimbo za shule. Nikatoka jasho. Mpiga ngoma mmoja alikuwa amebaki, akaanza kunipigia taratibu, na mimi nikapuliza rumba niliyokuwa nimeisikia kwao juu ya lori.

Watu wakasimama. Wakacheza. Yule wa viatu vyeupe alikuja mlangoni na taulo shingoni, akacheka kwa furaha. Nilipomaliza walipiga makofi mpaka nikasikia miguuni.

Sasa sikilizeni, maana habari hii nimeisimulia miaka mingi na nimeisimulia vibaya. Niliwaambia watu, na mke wangu marehemu, na watoto, kwamba kinanda kiliganda, ndiyo sababu. Si kweli yote. Wakati ule wa rumba, mate na pumzi vilikuwa vinaosha ile sukari. Karibu na mwisho nilisikia mwenyewe tundu la pili limefunguka. Nililisikia vizuri, kama ninavyosikia injini. Makofi yalipopungua, Kiongozi wa Bendi akauliza, "Unalo jingine?" Na Mzee Ambilikile akanyanyuka nusu kutoka kwenye benchi, akainua vidole viwili, kiganja kikimtazama yeye.

Nilimwona. Kisha nikageuza uso upande wa kulia, kwa wale kina mama wa kanga mpya, nikaanza rumba nyingine.

Niliogopa wasije wakakaa chini. Ndiyo hivyo tu.

Nilipotazama tena alikuwa ameketi, mkono umerudi gotini. Kibati sikukiona, nadhani alikirudisha mfukoni.

Asubuhi yake, wakati wa kupakia, nilimngoja aseme kitu. Alisema, "Umepiga vizuri, kijana." Kisha akapanda nyuma juu ya magunia, na baridi yote ile. Dereva Mkuu akaniuliza, "Mbalizi, mwenzako kiti hakioni?" Nikajibu labda anataka upepo. Mpaka Mbeya alikaa huko pamoja nami, amefunga mdomo kwa leso. Nilikuwa na saa zote hizo za siku mbili, kama mnanielewa, za kumwambia nisamehe, au kumpigia wimbo pale pale na kumwomba jina. Nilishika kabari. Tulipofika alisema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akarudi kwenye maturubali yake.

Hakunionyesha vidole tena. Hatukugombana, chai tulikunywa pamoja, ila kinanda hakikutajwa. Niliwaza nitalirekebisha jambo lile, bendi itarudi, ukumbi upo. Masika yaliyofuata tulikwama kwenye tope njia ya Igawa siku sita, na niliporudi gereji nikakuta mtu mwingine anashika sindano. Walikuwa wamekwisha kumsafirisha Tukuyu na kumzika. Karani wa Mizigo aliyesindikiza alisema watu walikuwa wengi, ngoma siku mbili. Nikamwuliza kuhusu kibati. Akasema kilikuwa kwenye koti, walimzika nalo.

Nilifanya utingo miaka minane, nikapewa leseni, nikaendesha mpaka macho yalipokataa. Nimefundisha matingo wengi, na wote niliwapa kabari kabla ya salamu, kama nilivyopewa. Dansi sikupanda tena. Waliniita mara mbili, nikasema kinanda kimeharibika.

Siku hizi nakaa nyumbani Mbalizi, karibu na barabara, nasikia magari makubwa yanavyobadili gia bila kumeza mate. Kinanda bado ninacho. Jioni nakilowesha kwenye maji safi, nahesabu mpaka mia. Meno ya mbele hayapo lakini tundu la pili linavutika, linapinda mpaka chini kabisa. Mwaka jana padri alinialika niupige kanisani, baada ya ibada, watu wangejaa. Nikakubali. Nilipofika mbele akaniuliza, kwa wema tu, ni wimbo wa nani, ili awatangazie.

Nikasema wa mdogo wake Ambilikile. Akasema ndiyo mzee, lakini yeye aliitwa nani?

Wimbo ninao wote, tangu pumzi ya kwanza mpaka ya mwisho. Hilo nililoulizwa sina, na aliyekuwa nalo alikuwa ameinua vidole viwili nimsogelee anipe.