Starter ya springi niliyoiacha imekazwa Jumapili

Wakuu, salamu. Vijana, niaje.

Nimeona mnabishana kwa ule uzi mwingine kama dizeli inaweza kuwaka bila battery. Inaweza. Yangu iliwaka bila battery, bila mimi, na bila ruhusa. Nawapa vile ilikuwa, sijaongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na posho mill, kinu cha kusaga mahindi, huko Bahati karibu na Nakuru. Injini ilikuwa ya boti, silinda moja, imezeekea ziwa Naivasha. Niliitoa kwa fundi mmoja Kalasinga mjini Nakuru. Niliketi kwa duka lake tangu afungue mpaka akaletewa chakula cha mchana, tunavutana bei. Mwishowe akaniongezea starter ya springi bure, ndio nitoke.

Kwa wenye hawajaiona: ni kopo la chuma limefungwa mbele ya injini, ndani kuna springi nene. Unazungusha hendo, springi inajikaza. Yangu ilitaka mizunguko kumi na mbili. Nilihesabu kwa mdomo na kwa vidole vya mkono ule mwingine, maana mdomo husahau.

Ukimaliza unagonga leva. Springi inafyatuka, inazungusha injini. Tu-tu-tu, imeshika.

Fundi alinionya kitu kimoja.

"Ukikaza, fyatua hapo hapo. Usiende nyumbani ukiiacha imekazwa. Huo ni mtego wa panya, na panya ni wewe."

Nikamwambia nimesikia. Kusikia ni bure.

Shida ilikuwa jirani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mill nyingine, na mwenyewe aliwasha yake kwa hendo ya kawaida, anatoa jasho mpaka wamama wanamhurumia. Mimi nikaona biashara hapo. Nilikuwa nakaza springi jioni nikifunga. Asubuhi wateja wakifika na debe zao, nagusa leva na kidole kimoja kama mtu anafungua redio.

Wamama wakavuka barabara.

Sasa Jumamosi moja nikakaza ya Jumatatu.

Jumapili tuko kanisani, mahubiri yamefika katikati, tukasikia mlio. Ilikuwa inanguruma kuliko kawaida. Halafu ilikuwa inasonga.

Mke wangu akanigusa. "Baba Wairimu, hiyo si mashini yetu?"

"Yetu imefungiwa."

"Sasa mbona inateremka barabarani?"

Nikasimama. Wakuu, hiyo injini ilikuwa karo ya watoto watatu na chakula ya watu watano. Ikienda, narudi kulimia watu.

Nimefika mlangoni, mhubiri akaniita mbele ya wote: "Baba Wairimu, sadaka bado!"

Kanisa lote likacheka. Kwa sifa zangu, hakuna mtu aliamini natoka kwa sababu nyingine.

Nikakimbia.

Wezi wawili walikuwa wamevunja kufuli, wakafungua nati nne, wakapakia injini kwa mkokoteni. Paipu ya moshi waliiacha ukutani, ndio maana ilinguruma hivyo. Kwa shimo la kwanza barabarani, leva ikagongwa. Tangi dogo juu ya injini lilikuwa na dizeli.

Nilikuta mkokoteni unaruka kama mbuzi, unatema moshi mweusi. Mwizi mmoja alikuwa ameshapotelea kwa mahindi. Wa pili alikuwa anajaribu kuzima injini kwa kuipiga na kofia.

Akaniona.

"Mzee," akaniuliza kwa sauti ya juu, "hii inazimwa aje?"

Nikamwonyesha. Injini ikanyamaza. Hapo tu ndipo alikumbuka yeye ni mwizi. Akatoroka, kofia ikabaki.

Nikahesabu nati kwa mkokoteni: tatu. Nikahesabu tena: tatu.

Jumatatu nikaenda Nakuru kutafuta nati ya nne, na nikamhadithia fundi nikingoja anisifu. Hakucheka. Akashika mikono yangu, akaiweka juu ya meza yake.

"Hesabu vidole."

"Kumi."

"Hesabu tena."

"Kumi."

"Na hiyo leva ingegongwa ukiwa unavalisha belti, ungehesabu ngapi?"

Nimebishana na wengi hapo Nakuru. Siku hiyo nilinunua nati kwa bei aliyotaja.

Kutoka hapo, nikikaza nafyatua, kama fundi alivyosema. Asubuhi nilizungusha hendo ndani, mlango umefungwa, wateja wakingoja nje, na wamama wawili wakachoka kungoja wakarudi kwa jirani. Sawa tu. Vidole ni kumi.

Lakini nilitangaza Bahati nzima kwamba kila nikifunga mlango, ile kitu inabaki imekazwa, inangoja mtu. Miaka yote mpaka nikauza mill, hakuna aliyegusa kufuli yangu. Kwamba springi ilikuwa imelala, haijakazwa, nilimwambia mke wangu peke yake, na leo nyinyi.

Funzo ni hilo: springi usiilaze na hasira. Uvumi unaweza kulala umekazwa, hauumizi mtu.

Mwenye aliwahi kutumia hizi starter aseme yake ilikuwa mizunguko mingapi. Na kama uko humu, wewe wa kofia, iko salama. Njoo na nati yangu.