Kuni za Ghati

Mzee Mseti si mwongo, ila kwa miaka mingi sisi wa Nyansurura tulimfanya mwongo. Ukienda kwake kuazima jembe, unarudi na hadithi ya gari. Ukipita kumsalimia tu, hadithi ya gari. Mimi Waisiko ni jirani yake, uzio wa minyaa ndio unaotutenganisha, na hadithi hiyo nimeisikia mpaka imenikaa kichwani kama sala.

Hadithi yenyewe ndiyo hii. Zamani, Mseti akiwa kijana aliyeoa juzijuzi, mashindano ya magari yalipita barabara yetu yakitokea upande wa Sirari. Gari la Nikodemo, dereva wa Kenya aliyekuwa na jina kubwa kuliko mawaziri, likazama kwenye udongo mweusi pale karibu na mto. Mseti akatupa fimbo, akawaacha ng'ombe wa baba yake wajichunge wenyewe, akaweka bega. Gari likatoka. Nikodemo akampungia mkono, akaenda zake kushinda.

Akifika kwenye bega, lazima sauti itoke jikoni: "Na kuni zilikuwa za nani?"

Huyo ni Ghati, mkewe.

"Kuni gani?" Mseti anajibu, uso mkavu kabisa. "Mimi sikuona kuni."

Hapo Ghati anatoka akijifuta mikono kwenye khanga, anaanza upya. Siku ile alikuwa anatoka porini na mzigo wa kuni kichwani. Alipoona matairi yanazunguka tu bila gari kusogea, aliutua mzigo, akapanga kuni zote chini ya tairi, na hapo ndipo bega la Mseti lilipofanya kazi. Akarudi kwa mama mkwe mikono mitupu, mwali wa kuolewa juzi, akasemwa mpaka akatamani kurudi kwao. Wageni wanacheka, Mseti anacheka kuliko wote. Angeweza kumtaja mkewe tangu mwanzo. Hakumtaja kwa makusudi, maana alipenda kumwona akitoka pale mlangoni amekasirika nusu.

Gari hatukuliamini. Kuni tuliziamini kidogo, kwa sababu ya Ghati.

Ghati alifariki mwaka juzi, wakati wa mavuno ya mtama. Picha yake ni moja tu, ya kadi ya kupigia kura, amekunja uso utadhani anagombana na mpiga picha. Tangu hapo mzee akawa anapika mwenyewe, anakula mwenyewe, na hadithi akaacha kuisimulia. Nyumba ile ilikuwa kimya mno. Mimi niliyekuwa nachoshwa na gari lake, nililikumbuka.

Ndipo Vicent, mwenye banda la video pale senta, akapata filamu ya maisha ya Nikodemo, tayari imetiwa sauti ya Kiswahili.

"Shikamoo mzee. Jumapili mkitoka kanisani uje bandani. Gari lako limo."

"Marahaba, mura. Matope nayo yamo?"

"Yamo. Nimeyaona mwenyewe."

Mzee alikuja kwangu anatembea haraka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. "Waisiko, siku ile kulikuwa na Mzungu na kamera juu ya gari la nyuma. Alitupiga picha sote. Nitamwona Ghati akiwa msichana."

"Mzee, filamu ni watu wanaigiza," nikamwambia.

"Dereva labda ataigizwa. Sasa matope yataigizwaje?"

Alikuwa na furaha, na nilimwonea huruma kwa furaha hiyo.

Jumapili akavaa koti lake la kanisani, akakaa benchi la mbele. Banda likajaa mpaka watu wakachungulia kwenye nyufa za mabati. Na watu wetu hawajui kutazama kimya. Vijana wa bodaboda walikuwa wanamfundisha Nikodemo kubadili gia. Agustina, muuza mandazi, akamsema mke wa Nikodemo kwa kukaa kwenye kochi anatazama saa: "Huyu hana shamba?" Ng'ombe walipopita, wanaume wakapiga kelele kwa pamoja: "Hawana nundu! Hao wa wapi?" Mzee Mseti yeye alikaza macho kwenye luninga. Alikuwa anangoja mto.

Mto ukafika. Gari limezama, mvua inanyesha. Akaja kijana mrefu, shati safi, akaweka bega. Chini ya tairi kulikuwa na kuni zimepangwa vizuri. Gari likatoka.

Banda lililipuka. "Mseti! Mzee Mseti!" Watu wakasimama juu ya mabenchi, wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Walewale waliomwita mwongo walikuwa wanamshika bega, lile lile la kusukumia. Vicent akarudisha nyuma, akaionyesha tena.

Mzee akasimama, akaziba luninga yote. "Kuni zilikuwa za nani?"

Watu wakaangua kicheko. "Za sinema, mzee! Kaa chini!"

"Kuna mtu alizileta. Rudisha, Vicent. Rudisha kabla ya hapo."

Vicent akarudisha. Kabla ya hapo ilikuwa mvua na Nikodemo anapiga tairi teke. Mzee akamwomba arudishe tena, na Vicent, Mungu ambariki, akarudisha. Hakuna aliyekuja na mzigo kichwani. Mzee akakaa. Mwisho wa filamu Nikodemo alikufa kitandani, mtu mzima, na banda zima likalia. Mseti naye alilia. Agustina akampapasa mgongo: "Pole mzee. Kumbe mlikuwa marafiki."

Tangu siku hiyo anaaminiwa na kila mtu. Wageni wanatoka mpaka Mugumu kuja kumwona aliyesukuma gari la Nikodemo. Wiki iliyopita walikuja vijana na simu zao wamrekodi, nami nikaenda kuwachemshia chai, maana jikoni mwake hakuna mtu.

Akaanza vizuri. Mvua, ng'ombe, fimbo. Alipofika kwenye bega akanyamaza, akageukia mlango wa jikoni.

Vijana wakadhani amesahau. "Ukasukuma, mzee," mmoja akamkumbusha. "Gari likatoka."

Mzee hakuendelea. Alikuwa anangoja, kwa adabu kabisa, na mimi nimeshika sufuria, nikashindwa kuvumilia. Nikaita kutoka jikoni: "Na kuni zilikuwa za nani?"

Nilitegemea aseme, kuni gani. Nilitamani sana aseme hivyo.

"Zilikuwa za Ghati," akasema.

Kijana akashusha simu. "Ghati ndiye nani, mzee?"

"Mke wangu. Alizipanga kwa mikono yake."

"Basi hapo tutakata. Kwenye filamu huyo hayupo, watu watasema unaongeza."

Nilitoka jikoni nikiwa na maneno tayari mdomoni. Mzee alipoona nimesimama mlangoni alinitazama kidogo, kisha akatazama chini.

"Kateni tu," akamwambia kijana. "Aliyekuwa ananibishia hata hapa hayupo."