Mabakuli ya Mfenesi wa Bi Amina

Witness alijifunza kukereza mbao, yaani kuzichonga zikizunguka kwenye mashine, kwa baba yake, huko Njombe. Alipohamia Mtwara na mwanawe Innocent na mumewe Petro, aliyepata kazi bandarini, alikuja na mashine hiyo ya marehemu baba yake. Akaifunga kibandani nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Chuno, akawa anatengeneza miguu ya viti na nguzo za vitanda.

Jirani yake, Bi Amina, alikuwa na mfenesi uani. Mizizi ilipoanza kupasua ukuta wa nyumba, ikabidi mti ukatwe. Mchoma mkaa alifika kabla hata matawi hayajakauka. Bi Amina akamwambia arudi alikotoka, kisha akabisha hodi kwa Witness.

"Mama Innocent, mti ule aliupanda mama yangu. Sitaki uishie jikoni. Nitengenezee mabakuli, niwagawie ndugu zangu."

Witness hakuwahi kukereza bakuli, lakini aliona haya kukataa. Akayakereza matatu katika mti mbichi. Yalitoka ya manjano, laini, na Bi Amina akayabeba kifuani kama mtoto.

Baada ya wiki chache akayarudisha. Yote yalikuwa yamepasuka.

"Sikuja kugomba," alisema. "Nataka kujua tu, mti una ubovu?"

"Mti ni mzima, Bi Amina. Ni mimi niliyeharakisha."

Usiku huo Witness hakula. Kesho yake aliyapaka rangi magogo yaliyobaki kwenye ncha zake, yasipasuke, akayaweka kivulini. Kisha akakereza mabakuli mengine, safari hii manene, akayafukia katika magunia ya maranda na kuyasukuma chini ya kitanda yakauke polepole. Petro alilalamika kwamba chumba kizima kinanuka mbao. Yakabaki pale pale.

Bi Amina akawa anapita kila alipotoka sokoni.

"Bado?"

"Bado."

Basi walikuwa wakikaa, wakinywa chai, wakizungumza mengine. Korosho zilivunwa, mvua zikaja zikapita. Mabakuli yalipofukuliwa yalikuwa yamejipinda kidogo. Witness akayarudisha kwenye mashine, akayanyoosha na kuyapunguza unene, akayapiga msasa na kuyapaka nta ya nyuki. Hakuna lililopasuka.

Witness na Bi Amina walikwenda pamoja kijijini Mpapura kwa Nasra, dada mkubwa wa Bi Amina, ambaye tangu mti ukatwe alikuwa hapokei simu ya mdogo wake. Nasra alilipokea bakuli, akaligeuza, akalinusa. Akaingia nalo jikoni. Alipotoka, bakuli lilikuwa limejaa mihogo ya kuchemsha, akaliweka katikati ya mkeka.

"Karibuni," alisema. "Amina, sogea."

Siku hizi wanaokata miti mjini humtafuta Witness. Huwaambia kwanza kwamba watangoja miezi mingi. Wengine hawana subira hiyo, huwauzia wachoma mkaa. Witness hawabembelezi, ana magunia ya kutosha chini ya kitanda.