Kiti Kimoja, Tiketi Mbili

Miaka ile biashara ya mabasi ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji, tajiri mmoja wa Makambako aliamua tiketi zake zikatwe kwa mtandao. Seva, ile kompyuta kuu ya tiketi, aliiweka Njombe, kwenye ofisi ya chumba kimoja mtaa wa Ramadhani, akaniajiri niitunze. Fundi aliyeandika programu alishakwenda zake Dar es Salaam, na simu zangu hakupokea.

Desemba, watu wakirudi makwao, zikaanza kutoka tiketi mbili za kiti kimoja. Nyingi zilitoka dirisha la mama mmoja mjane, wakala wa siku nyingi pale Makambako. Tajiri alimfokea stendi mbele ya abiria, akamwita mwizi, akamfungia dirisha. Kisha akanipigia simu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Wewe nithibitishie tu kwamba mtambo ni mzima, nimpeleke polisi."

Ile "tu" yake iliniudhi. Nikamjibu kwamba sithibitishi kitu nisichokipima.

Huduma ile ilipokea mawakala wengi kwa wakati mmoja. Kila ombi liliendeshwa na uzi wake, yaani mfululizo wake wa hatua ndani ya programu, na nyuzi zote zilichota kumbukumbu ileile ya kompyuta. Nikiijaribu peke yangu, ilitulia kama mwali. Nikiiamuru iandike kila hatua ili nione inapokosea, ilipungua kasi na kosa likajificha. Niliitukana kwa Kibena, maana Kiswahili changu cha shule hakina matusi ya kutosha.

Mwishowe nilikwenda Makambako, nikamkuta yule mama nyumbani kwake. Nikamwomba anieleze kazi ya dirishani inavyokwenda, asiache kitu.

"Abiria wangu wengi wanatoka Ikonda, mwanangu," akasema. "Wana mgonjwa hospitali. Wananipigia niwashikie kiti. Basi likikaribia, wanasema daktari hajamruhusu. Nakiachia, nawashikia cha kesho. Na saa hiyohiyo mawakala wote tunakata."

Hapo nikaacha kunywa chai. Njombe hakuna aliyewahi kufikiria habari ya kuachia. Sisi tulijua abiria hukata tiketi akasafiri, basi. Kumbe kiti kikiachiwa, uzi mmoja ulirudisha kipande cha kumbukumbu kilichotunza habari zake, kikapewa abiria mwingine papo hapo. Uzi wa pili, uliokuwa bado unachapa tiketi mpya ya yule aliyeachia, uliendelea kusoma palepale na kuchapa safari na namba ya kiti cha mwenzake. Ni kama gesti inayompa mgeni mpya chumba wakati yule wa zamani bado ana ufunguo.

Niliporudi ofisini nikatunga jaribio la maombi mengi, yakikata na kuachia kwa pamoja. Seva ikaanguka hapohapo. Kosa lilikuwa limejitokeza mwishowe; nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Nikaweka kufuli ndani ya programu ili nyuzi zipokezane, na sharti kwamba kipande hakirudishwi mpaka uzi wa mwisho umemaliza kukitumia. Nikaielemea tena siku nzima kwa maombi, isitoe hata tiketi moja pacha.

Nilimwambia tajiri kwamba methali yake ilikuwa sahihi, ila alikung'uta nguo isiyo yake. Akakohoa. Akampigia mama simu arudi kazini. Nilipomshauri akamtake radhi palepale stendi, alisema, "Dada, wewe shughulika na kompyuta."

Siku mama aliporudi, nilikwenda. Abiria wa kwanza alipokea tiketi, akaisoma, akaipeleka dirisha la jirani kuuliza kama kiti hicho hakijauzwa. Mama alimsubiri. Niliumia.

"Mama, mtambo nimeutengeneza," nikamwambia.

"Ahsante, mwanangu. Sasa waambie na hao."

Niligeuka nikawatazama watu. Habari za nyuzi na kufuli ningeanzia wapi? Nikapaza sauti, nikasema huyu mama hakuiba. Wachache waligeuka. Basi likapiga honi, wakakimbilia mizigo yao.